Bwana wa Uji wa Ndizi

Kosa lilifanywa kwa moyo mweupe, na ndiyo maana Feleti alishindwa hata kukasirika sawasawa. Bi Glenys, msimamizi wa kile kijiji cha kutunzia wazee pale Mangere, ughaibuni, alipopata habari kwamba bibi Mtonga anayehamia chumba namba kumi na mbili ni dada wa damu wa Mzee Feleti wa namba kumi na moja, alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Akawapa vyumba vya kupakana. Akawatengea meza moja ya kulia, viti vinatazamana, na katikati akaweka maua.

"Haya, Feleti, tazama nani huyo anakuja!" akasema, huku akipiga makofi.

Feleti alikuwa ameshashika kijiko. Alipoinua macho akamwona Losaline anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, anakuja upande wake. Mzee wa miaka sabini na tisa, aliinuka kwa kasi hata mkongojo ukaanguka, akabeba sahani yake akaenda kulia kwenye benchi la nje, na mvua inanyesha. Siku ya kwanza wenzake walidhani amebanwa na haja. Siku ya tatu wakaanza kunong'ona kuwa ndugu hawa lazima waligombea nyumba ya urithi.

Nyumba gani, jamani! Hawakuwahi kugombana hata siku moja. Kwetu visiwani Tonga mvulana na dada yake wakishapata akili, basi: hawalali nyumba moja, hawakai chumbani wawili, hawali pamoja, hawataniani. Dada ndiye mkubwa hata kama amezaliwa nyuma, na kaka humheshimu kwa kujitenga naye. Hivyo ndivyo Feleti alivyompenda dada yake kwa miaka sitini na tisa. Viazi vikuu vya kwanza kuchimbwa vilikwenda kwake. Nguruwe mnono wa kila sherehe alikwenda kwake. Watoto wake wakikitaka kitu cha Feleti walikichukua bila kuomba, na yeye alicheka tu. Lakini kukaa naye, wawili tu, hata kwa kikombe kimoja cha chai, hilo halikutokea kamwe.

Merv wa namba tisa, Mzungu aliyeendesha treni maisha yake yote, alishindwa kunyamaza. "Mwanamume mzima, Feleti, unamkimbia ajuza wa miaka themanini na tano! Atakufanya nini? Akuume? Meno yenyewe hana."

"Ningekuwa namwogopa ningekaa naye," Feleti akamjibu. "Wewe mkeo unamwogopa, na mbona unakaa naye?"

Merv alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo naye akawa anatoka na sahani yake kuja kulia kwenye benchi. Bi Glenys alipoelezwa aliomba radhi mpaka masikio yakamwiva, akazitenganisha meza. Vyumba havikuwezekana kubadilishwa, kijiji kilikuwa kimejaa. Feleti akamwambia si neno, ukuta unatosha.

Kumbe ukuta ule ulikuwa mwembamba. Aliyasikia yote. Akili ya Losaline ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Mwanawe wa Brisbane alipompigia simu alimdhania mchungaji, akamwomba amwombee. Alikuwa akimwita mama yake aliyekufa zamani, akimwambia asubiri, anamalizia kushona. Halafu ulipoingia Julai, na baridi yake, akaacha kula. Wauguzi walijaribu supu, wakajaribu maziwa, wakajaribu kumbembeleza. Sela, mjukuu wa Feleti aliyekuwa mwalimu wa chekechea, alipitia kila jioni akitoka kazini, kwa kuwa amezoea kulisha watoto wakaidi. Bibi alikaza midomo, akageukia ukuta.

"Ana kilo thelathini na tisa," muuguzi alimwambia Sela, na Feleti akasikia. "Wiki mbili zaidi za namna hii, itabidi mwanawe aje kumuaga."

Feleti alikaa kitandani, mikono magotini, hana la kufanya. Kisha akajikaza akaenda jikoni, akachemsha ndizi mbivu kwa tui la nazi mpaka zikawa uji mzito, kama ule waliokuwa wakipikiwa nyumbani Haʻapai. Nia yake ilikuwa kumpa Sela aingize. Lakini alipofika mlangoni pa namba kumi na mbili Sela alikuwa hajafika, mlango uko wazi, na Losaline anamtazama moja kwa moja.

"Wewe bwana! Mbona unasimama mlangoni kama umekuja kusoma mita? Umebeba nini?"

Feleti akageuka nyuma kuangalia anayesemeshwa. Hapakuwa na mtu.

"Uji wa ndizi, mama," akasema.

"Una tui?"

"Una tui."

"Sasa unangoja nini? Lete, unapoa."

Hakumjua! Alimtazama usoni, akatazama mkongojo na mvi zake, na hakumjua kabisa. Ilimuuma, hilo asikufiche mtu. Lakini palepale kwenye maumivu akaona na mlango: kati ya mama huyu na bwana asiyemjua hakuna mwiko wowote. Baba yao angekuwa hai angemchapa bakora kwa kuwaza hivyo tu. Feleti akapiga moyo konde, akaingia. Aliuacha mlango wazi kabisa, akavuta kiti mbali kadiri mkono ulivyoweza kufika, akamlisha dada yake kijiko cha kwanza. Akala. Akala cha pili. Sela alipotokea mlangoni na mkoba wake begani alibaki kinywa wazi.

"Babu! Lakini wewe na Bibi si..."

"Nyamaza," Feleti akamnong'oneza. "Mimi hapa si babu yako. Ni bwana wa uji tu."

"Kasichana haka ka nani?" Losaline akauliza.

"Mjukuu wangu, mama."

"Mzuri. Ila amekonda. Mpe na yeye uji."

Ikawa hivyo siku tisa. Kwa Sela hafungui mdomo, kwa muuguzi hafungui. Anamtaka bwana wa uji. Kila jioni Feleti alimwomba Mungu msamaha, kisha alimwomba baba yake, halafu akalala akiisubiri kesho kama mtoto anayesubiri Krismasi. Alikuwa hajui kwamba dada yake ni mcheshi kiasi kile. Alikuwa hajui kwamba anapocheka hujifunika mdomo kwa mkono, kama mama yao. Angejulia wapi? Miaka yote hiyo hakuna aliyecheka mbele ya mwenzake.

Siku ya tisa Losaline alikuwa na maneno mengi.

"Una dada, wewe bwana?"

"Ninaye."

"Mimi nina kaka. Mdogo wangu, anaitwa Feleti. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado mdogo, nikambeba mimi mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Alipotimiza miaka kumi baba akasema basi, sasa akalale kwenye kibanda cha wavulana." Akachezea pindo la blanketi. "Alilia. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alidhani nimelala."

Kijiko kilisimama hewani. Maisha yake yote Feleti aliamini kwamba hakuna aliyesikia. Alikuwa amekwisha kujifanyia hesabu yake ya kitoto, kwamba dada alifurahi kupumzika na mzigo, na hesabu hiyo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mkewe.

"Hukulala?" akauliza.

"Nilale vipi? Nilikaa chini ya dirisha, namsikiliza. Sikuogopa bakora ya baba. Niliogopa kwamba nikitoka kumfuata, wenzake watamcheka, wataona hana adabu. Basi nikakaa. Alipoacha kulia, ndipo nilipoanza mimi."

Feleti alitaka kujizuia, akashindwa. Alilia na kwikwi, mabega yanaruka, kamasi na machozi pamoja, mzee mwenye wajukuu saba. Losaline akamtazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

"Feleti?" akasema.

Feleti akauficha uso kwa mkono wa shati.

"Feleti! Wewe! Unafanya nini humu?" Bibi akavuta blanketi mpaka kichwani, sauti ikatoka humo ndani. "Toka! Toka nje, mdogo wangu! Unaingiaje chumbani kwangu na mimi nimevaa gauni la kulalia? Watu watasemaje?"

Feleti alitoka kinyumenyume ameinama, bakuli mkononi, akagonga kiti, akagonga mlango. Ukumbini aliegemea ukuta, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Sela akamshika mkono kwa hofu.

"Kanifukuza!" akamwambia. "Umesikia? Kaniita jina langu, kanifukuza!"

"Feleti!" Losaline akaita kutoka ndani.

"Naam, dada."

"Umekula?"

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. "Nimekula, dada. Nimeshiba."

"Haya. Mwambie mtoto wako alete hicho kilichobaki."

Sela akaingia, na Losaline akala kwa mkono wake mpaka bakuli likawa tupu. Feleti alisimama ukumbini akisikiliza kijiko kinavyogonga bakuli.

Kesho yake alinyoa ndevu. Akajifunga kiunoni ule mkeka wa heshima anaokwenda nao kanisani, akaweka kiti ukumbini, nje ya mlango, mahali pa kaka. Alikuwa ameshapanga: yeye atapika, Sela ataingiza, wao wawili watazungumza kupitia mlangoni, na mambo yatakuwa kama yanavyotakiwa kuwa. Merv alipita, akamwona alivyopendeza, akamuuliza kama anaoa. Feleti akamwambia ndiyo, na yeye hakualikwa.

Sela aliingia na uji. Akakaa. Akakaa tena. Akatoka, bakuli limejaa.

"Amekaza midomo, Babu. Anamtaka bwana wa uji."

"Mwambie ni mimi, kaka yake. Niko hapa nje."

"Nimemwambia." Sela akainamisha macho. "Anasema kaka yake hawezi kuwa mzee hivyo."

Siku tisa Feleti aliingia kama mtu asiyejulikana, na angalau kosa hilo lilikuwa na udhuru. Leo ameshaitwa kwa jina lake, ameshafukuzwa kwa heshima, na kila kiungo cha mwili kinamwambia abaki pale kwenye kiti, abaki kaka. Na akibaki, dada yake hatakula, atakufa njaa kimya kimya. Angepewa kuchagua, angechagua afukuzwe kila siku mpaka afe.

"Babu, tumwite muuguzi?"

"Muuguzi atafanya nini?" Akafungua ule mkeka kiunoni, akaukunja polepole, akampa. "Nishikie huu."

Akachukua bakuli, akaingia.

"Ahaa, amekuja!" Losaline akasema. "Jana ulikuwa wapi wewe bwana?"

"Nilishikwa na kazi kidogo, mama."

"Basi umekosa makubwa." Alijiinua kwenye mto, macho yanamng'aa. "Kaka yangu alikuja jana."

Feleti akavuta kiti, akakaa. Akaliweka bakuli magotini.

"Alikuja kweli?"

"Kweli kabisa, mpaka hapo mlangoni. Hakuingia ndani, yule ana adabu zake, nimemlea mwenyewe. Nilisikia sauti yake tu. Miaka mingapi, sijui. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, yakanipotea yote. Nikamuuliza kama amekula."

"Akasemaje?"

"Anasema ameshiba. Mwongo! Ndivyo alivyo tangu mtoto, ana njaa anasema ameshiba, ili nile mimi."

Akafungua mdomo, akasubiri. Feleti akachota uji, akaupuliza, akamlisha. Siku hiyo alimaliza bakuli lote, akaomba na la pili.