Upinde wa Harusi Yetu

Kitindamimba wetu alipotaka kuolewa, hakuniomba gauni wala keki. Aliniomba bawa: bawa kubwa la maua, lianzie sakafuni nyuma ya viti vya maharusi, lipande ukutani hadi karibu na dari.

"Na fremu atengeneze baba," akaongeza, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mimi na baba yake tuliachana miaka tisa iliyopita. Yeye ni fundi wa kuchomelea. Mimi hupamba kumbi za harusi. Zamani karakana ilikuwa moja: yeye akikunja vyuma mlangoni, mimi nikifunga maua ndani, tukigombania redio.

Basi akaja, siku hizi na miwani. Nikamtandazia mchoro sakafuni. Akapiga magoti, akaupima kwa shubiri, vilevile kama zamani.

"Hili litaelemea mbele. Maua yako yana uzito, mzazi mwenzangu."

"Najua. Sijasahau harusi yetu."

Nani angesahau? Upinde wa waridi, kazi yangu ya kwanza, ulituangukia wakati tunapigwa picha. Mjomba wangu alitokea chini yake na jani mdomoni. Watu walicheka hadi machozi. Mimi nililia kweli. Tangu siku hiyo, kila kazi napunguza maua kidogo, kwa woga.

Akachezea kipande cha waya.

"Upinde ule haukuangushwa na maua," akasema. "Mguu mmoja sikuuchomelea. Nilikuwa nachelewa kwenda kunyoa, nikaufunga kwa waya."

"Miaka thelathini na moja hukusema?"

"Kwanza ulikuwa umenuna. Baadaye nikaona haya."

Nilitaka kukasirika. Badala yake kicheko kikanipanda, naye kikamshika, tukacheka mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia dirishani kujua kuna nini.

Fremu ilimchukua siku mbili, na kila kiungo alikigonga kwa nyundo nisikie. Mimi nikaijaza bila kubania: mawaridi meupe chini, yungiyungi katikati, nyasi kavu laini kama manyoya kwenye ncha.

Siku ya harusi nilisimama nyuma ya ukumbi, mkasi bado mkononi. Yeye na mkewe wa sasa wakaja kusimama kando yangu. Binti yetu akaketi mbele ya bawa lake, akatutafuta kwa macho, akatuona.

"Limekaa," baba yake akaninong'oneza.

"Limekaa," nikasema, nikampa mkewe waridi moja lililobaki.