Taa Aliyoifumba Amon

Gari la marehemu Deus lilirudi Kanyenye mgongoni mwa lori, siku ya nne baada ya maziko, likashushwa mbele ya gereji ya shemeji yake. Amon, fundi wa matairi, alilitupia jicho mara moja, akainama tena kwenye pancha ya baiskeli ambayo alikwisha kuiziba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Advera, mjane wa Deus, aliteremka kutoka kwenye lori, akakaa juu ya tairi bovu. "Kule Lusu, kijijini kwao Deus, wanasema alikuwa amelewa. Baba mkwe kalitamka mbele ya waombolezaji."

"Deus na pombe wapi na wapi."

"Wewe unajua. Wao wanauliza, lami nyoofu, mchana kweupe, gari liliingiaje porini? Nimewaambia mdogo wangu ni fundi, atalifungua tairi atuambie. Haya, fungua."

Lililopasuka lilikuwa la nyuma, kulia. Amon alichukua mtaimbo, akaanza kulibandua kwenye ringi.

Wiki mbili nyuma Deus alikuwa amesimama papo hapo, akilalamikia taa ya njano iliyowaka kwenye dashibodi. Amon hakujisumbua hata kupima upepo. "Shemeji, haya magari ya Ujapani yana kidude ndani ya kila ringi, kinapima upepo," alimwambia. "Betri yake ikichoka, taa itawaka mpaka kiama." Akakata kipande cha tepu nyeusi, akaifunika taa, wakacheka. Alikuwa ameyafanyia hivyo magari mengi sana, hata mtaa ukamwita daktari wa macho, naye jina hilo alilipenda.

Tairi lilipoachia ringi, unga mweusi ulimwagika miguuni pake. Unga huo aliujua. Tairi lililotembea mwendo mrefu na upepo haba hujisaga lenyewe kwa ndani, mpaka ubavu unapasuka. Kidude kilikuwa bado kimeshikamana na pua ya kujazia upepo, kidogo kama kidole gumba. Alikifungua, akavuka barabara hadi dukani kwa Kunal, muuza vipuri, mwenye mashine ya kuvisoma.

"Kizima hiki," alisema Kunal. "Betri ina miaka mingine mitatu."

"Labda mashine yako ndiyo mbovu."

"Mashine yangu inasema kweli, fundi. Hebu niambie, gari lilipowashwa, taa ilikonyeza kwanza?"

"Haikukonyeza. Aliliwasha mbele yangu, ikawaka tu."

"Basi. Kidude kikiwa kibovu, taa hukonyeza karibu dakika nzima ndipo itulie. Ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua. Kwani daktari wa macho hukupi..." Kunal aliuona uso wa mwenzake, akamrudishia kidude chake.

Kuivuka ile barabara kurudi kulimchukua muda. Angeweza kusema ni jiwe lililopasua tairi. Nani Lusu angebisha? Deus angesafishika, na yeye Amon angebaki fundi.

"Jiwe," alisema. "Alikanyaga jiwe."

Advera aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea alichokitazamia. "Basi ni mimi. Asubuhi ile alisema gari linamvuta kulia, apite kwanza kwako. Nikamwambia Amon ameshaliangalia, nenda, utachelewa. Angepita, labda asingekutana na hilo jiwe."

Amon alikaa chini, kwenye unga.

"Hakuna jiwe, dada. Tairi lilikuwa limepungua upepo. Gari lilituambia kwa ile taa, mimi nikaifumba kwa tepu bila kupima. Sikujua kuisoma, na sikutaka mtu ajue kwamba sijui."

Dada yake hakulia. Alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma ya uso ule.

"Siku zote hizi za msiba ulikuwa unanishika mkono," alisema.

"Nilikuwa naogopa. Sikuwa na hakika."

"Sasa unayo. Lori linarudi upande huohuo, Nzega. Utapanda, utafika Lusu, utamwambia baba mkwe maneno hayohayo. Usimpunguzie hata moja."

"Wataniua, dada."

"Sijui watakufanya nini. Lakini mume wangu hatalala kaburini mlevi kwa ajili ya jina lako."

Amon alifunga gereji. Alipofungua mlango wa mbele wa lori, Advera alikuwa ameketi kando ya mlango, na hakusogea kumpisha. Akaufunga mlango polepole, akazunguka, akapanda nyuma.