Kapu la Marehemu

Nyumbani kwetu kuna sheria moja tu iliyowahi kupita bila ugomvi: kitu kikiingia kwenye kapu la marehemu, ni changu.

Kapu lenyewe ni la plastiki, limekatika mpini mmoja, na lilikuwa likikaa chini ya meza ndefu ya sebuleni. Upande mmoja wa meza hiyo mama anakata na kushona nguo. Upande wa pili mimi natengeneza taa. Pasi ikiungua, redio ikipoteza sauti, birika likitoboka, mama huvitumbukiza kapuni na kusema, "Ulale pema," kisha mimi huvifufua. Birika lile sasa ni taa ya jikoni, na mwanga unatokea mdomoni.

Nataka ieleweke mapema kwamba mimi si mwokota takataka. Mimi ni fundi taa. Takataka ni jina ambalo watu wasio na macho hukipa kitu kabla hakijafika mikononi mwangu.

Getini nilitundika kibao, na kwa kuwa tangazo la kawaida hata muuza mitumba analo, langu niliandika kwa vina:

*Leteni kilichochoka, msikitupe jalala,*
*Kwangu kitachangamka, kiwake mkishalala.*

Jirani yetu alikisoma kwa sauti, akashika kiuno. "We kijana! Mimi nina mume amechoka. Nimlete?"

"Mlete, shangazi. Ila akishawaka usije ukamdai!"

Mtaa mzima ulicheka, lakini hakuna aliyeleta kitu. Taa zangu zilichukuliwa na dada, mjomba na binamu, na moja aliichukua mama mwenyewe.

"Hao hawakununua taa," mama aliniambia. "Walinunua amani. Ukiwasomea shairi mpaka wakubali, watafanyaje?" Akaweka mkasi chini, na akiweka mkasi chini ujue hukumu inakuja. "Mwisho wa mwezi huu, kama hakuna mtu baki aliyechukua taa yako na kukaa nayo, meza inarudi yangu yote. Wewe utakwenda dukani kwa mjomba wako kubeba saruji."

Nilicheka kwa dharau. Jioni hiyohiyo mjomba akaniletea glavu.

Glavu zile zilikaa juu ya rafu zikinitazama mpaka mwezi ukaanza kuisha. Ndipo Mama Saluni, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, alipoingia akiburuta draya, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele, yenye mguu mrefu na magurudumu.

"Nasikia unafufua," alisema.

"Nafufua."

"Hii imekauka yenyewe, tena kichwa cha mteja kikiwa ndani. Nataka iwe taa ya pale wanapokaa wanaosubiri. Lakini usiniletee taa ya kuwaka na kuzimika tu, hizo ninazo. Nataka taa ambayo mtu akiitazama anasahau kwamba nimemchelewesha."

"Mama Saluni," nikamwambia, "wateja wako wataanza kuomba wacheleweshwe."

Mama alikohoa kutoka upande wake wa meza. Alikuwa na gauni la harusi mapajani, na pini mdomoni.

Nilitoa mota na nyaya za joto, nikasafisha nywele za miaka yote, nikafunga holda ya balbu ndani ya kofia. Nje nikaipaka rangi ya dhahabu, ndani nikaacha nyeupe ili mwanga urudi. Ilipendeza. Tatizo lilikuwa swichi. Swichi ya ukutani kwenye taa kama ile ni sawa na kumvalisha mfalme kandambili. Nikainama kwenye kapu la marehemu kutafuta wazo, na wazo lilikuwa limelala pale juu kabisa. Pedali!

Cherehani ya mama ni ya umeme. Chini sakafuni kuna pedali: ukiikanyaga taratibu sindano inakwenda taratibu, ukiikandamiza inakimbia. Wiki nzima mama alikuwa anailalamikia. "Pedali hii inanitesa, nitaitupa." Sasa ameitupa, nikajua. Nilikata ule mwisho wa waya unaoingia kwenye mashine, nikauacha kapuni, nikaunga pedali kwenye draya na kuweka balbu ya zamani ya uzi. Nikakanyaga. Mwanga ukaja polepole kama mtu anayeamka, nikakandamiza, chumba kizima kikawa mchana. Sitaki kujisifu, lakini niliyesimama pale peke yangu nilikuwa mimi, na mtu wa kusifu hakuwepo mwingine.

Asubuhi mama alikwenda kununua zipu. Mimi nikavusha taa barabara. Niliporudi, nilimkuta amekaa kwenye cherehani, gauni limemfunika mpaka kifuani kama povu, na mguu wake wa kulia ukipapasa sakafu. Ulikwenda mbele, ukarudi nyuma, ukazunguka mguu wa meza.

"Umeona pedali yangu?"

"Si uliitupa?"

"Nani kaitupa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kulitazama. Mama akimaliza kushona huchomoa pedali na kuirusha kwa mguu, vile mtu anavyovua ndara mlangoni. Safari hii ilikuwa imeruka mpaka kapuni.

"Ilikuwa kwenye kapu, mama. Na sheria..."

"Sheria niliitunga mimi, na wewe nilikuzaa mimi. Iko wapi?"

"Kwa Mama Saluni. Ni mguu wa taa."

Alitoa pini mdomoni moja moja. "Bibi harusi anakuja kuchukua gauni hili leo jioni. Halina mkono mmoja, na pindo lote bado. Nenda ukailete."

"Nikiileta, taa haiwaki. Isipowaka si taa, ni draya iliyopakwa rangi. Atairudisha, na mwezi ndio huu unaisha!"

"Na gauni la mkono mmoja ni nini? Taulo?"

Nikaenda. Njiani nilitayarisha maneno mazuri sana, ila nilipofika saluni hayakuwa na kazi. Mama Saluni alikuwa amekaa chini ya kofia ya dhahabu, kiatu kimevuliwa, mguu juu ya pedali, akiwahadithia wateja habari za mpangaji wake. Alipofika penye siri, taa ilififia. Alipoitoa siri, taa ikalipuka, na wateja wakapiga kelele pamoja nayo.

Nikamweleza.

"Pedali haitoki hapa," alisema, wala hakuinua mguu. "Kofia bila pedali ubaki nayo, uvae."

"Basi sogeeni."

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Mama hajawahi kumtuma mtu bila kumfuata. Alikuwa amekumbatia cherehani kama mtoto mgonjwa, gauni likiwa begani ndani ya shuka. Aliweka mashine kwenye meza ya kucha, akatoa mfukoni ule mwisho wa waya nilioukata, akanipa.

"Fundi taa. Unga."

"Niunge vipi? Pedali ni moja."

"Mashairi yako yote na kibao getini, halafu unaniuliza mimi?"

Iliniuma, na kilichoniuma kikanifungua kichwa. Nikachomoa taa ukutani, nikaunga nyaya mbili kwenye pedali moja, mmoja wa taa na mmoja wa cherehani, nikafunga vizuri na kurudisha kwenye soketi. Mama akakanyaga. Sindano ikaanza kutembea, na juu yake kofia ya dhahabu ikaanza kung'aa. Akiharakisha, mwanga unapanda, akipunguza unashuka. Wateja wakasogeza viti.

Mkono ulikuwa bado nusu mlango ulipofunguliwa na bibi harusi akaingia. Amekuja kutengenezwa nywele.

Mama alivuta lile joho jeusi la kuzuia nywele na kulifunika gauni. Mama Saluni alimkalisha msichana haraka mbele ya kioo, mgongo ukiwa upande wetu. Tukashona kimya. Lakini kioo hakina heshima.

"Mbona taa yenu inapumua?" bibi harusi akauliza.

"Ni ya kisasa," alisema Mama Saluni.

"Na huyo nyuma si fundi wangu? Fundi, unashona nini hapo? Hicho cheupe ni nini?"

Mama alinitazama. Wateja walinitazama. Ningeweza kusema ni pazia. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lakini pazia gani lina mkono wa lesi?

"Ni gauni lako," nikasema. "Halijaisha, na kosa ni langu, si la mama. Niliiunga pedali yake kwenye taa hii. Lakini usigeuke! Gauni usilione nusu nusu. Tazama taa tu kwenye kioo. Ikiwaka sana, ujue mshono umenyooka. Ikififia, anapinda kona. Ikizimika kabisa na mama akaweka mkasi chini, umeshavaa."

Bibi harusi akashusha pumzi. "Sasa hapo imefifia."

"Bega," alisema mama.

"Imepanda!"

"Nashuka na mkono."

Saluni nzima ikahamia kwenye gauni. Pindo lilipoanza, refu na lililonyooka, taa iliwaka bila kutetereka, na wateja wakapiga makofi kana kwamba mama anakimbia mbio. Aliyekuwa akisukwa alikataa kuinama. Mtu alipiga kelele, "Kona! Kona!" kila mwanga uliposhuka. Kisha ikazimika. Mama akakata uzi, akaweka mkasi chini.

"Imekwisha?" bibi harusi aliuliza, macho bado kwenye kioo.

"Geuka," alisema mama.

Aligeuka na nusu ya nywele zake zikiwa wima, akalikumbatia gauni na mama yangu kwa pamoja. Alipopata sauti alisema anataka taa kama ile nyumbani kwake. Nikamwambia kama ile haitatokea tena, ila nitampa inayoishinda.

Mama Saluni alikuwa hacheki. Amesimama karibu na kofia yake. "Sasa mnaondoka na mguu wangu?"

Mama aliinama, akachomoa waya wa cherehani peke yake. Pedali akaisukuma taratibu kwa kidole cha mguu mpaka chini ya taa.

"Iliingia kapuni," alisema. "Sheria ni sheria."

Malipo ya taa yangu ya kwanza kwa mtu baki yaliishia yote kwenye pedali mpya ya mama. Sikulalamika, au nililalamika kidogo tu. Nusu ya meza ni yangu. Mjomba alipokuja kudai glavu zake, zilikuwa zinawaka ukutani, vidole vyote kumi, naye alizikodolea macho, akauliza kama ninaweza kumtengenezea za dukani.

Kapu la marehemu sasa linaning'inia msumarini, juu kuliko mguu wa mtu yeyote. Jana mama alimaliza kushona, akarusha pedali mpya kama kawaida yake. Iliteleza ikasimama karibu na bisibisi yangu. Nikaitazama. Ina rangi nzuri, hiyo pedali.

"Jaribu uone," alisema mama.