Maboksi ya Kumpare Wensing

"Ikate," Kanor alisema. "Ikate hapa hapa, nikiona."

Filta ya oili ilikuwa imelala ubavu juu ya kaunta kama kuku aliyechinjwa, ikidondosha oili nyeusi kwenye gazeti. Mama Puring aliisogeza sanamu ya Bikira Maria isichafuke, kisha akaishika filta kwa kitambaa. Aliitambua. Aliiuza mwenyewe, baada tu ya Pasaka.

"Labda ulichelewa kubadilisha oili, mwanangu."

"Mimi? Mama, mimi hubadilisha oili kuliko ninavyobadilisha shati. Muulize mke wangu."

Siku nyingine angecheka. Lakini jipni la Kanor, gari la abiria lililomlisha yeye na wanawe, lilikuwa limekwama kwenye mlima wa barabara ya Lipa, injini imenoki. Wachuuzi wa mboga aliowabeba alfajiri walikuwa wameshuka na vikapu vyao, wakaenda kwa miguu mpaka sokoni huku wakimtukana.

Mama Puring aliibana filta kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma. Alikata pole pole kuzunguka ukingo. Kopo likafunguka.

Filta halisi huwa na mikunjo mingi ya karatasi, imebanana kama kurasa za misale. Hii ilikuwa na mikunjo michache, imesinyaa upande mmoja, imebandikwa kwa gundi kwenye kipande cha kadibodi. Gundi ilikuwa imelowa ikaachia. Uchafu wote ulikuwa umepita pembeni, ukaenda moja kwa moja kuitafuna injini. Na nje, kwenye bati, jina la kampuni kubwa liling'aa bila aibu.

"Siku ile nilikuwa nimeshika mbadala," Kanor alisema taratibu. "Ile ya boksi la kijani. Unakumbuka? Nilikuwa nayo mkononi. Ukaninyang'anya."

Alikumbuka. Mbadala zilitengenezwa na kiwanda kingine, kwa jina lake lenyewe, na madereva wengi walizitumia miaka nenda rudi bila neno. Lakini yeye alimwambia Kanor, kwa sauti ile ile anayoongozea rozari jioni, kwamba injini kongwe haijaribiwi. Achukue ya asili, alale usingizi.

"Sikujua, Kanor. Mungu ni shahidi yangu."

"Mwache Mungu. Jumapili tunakaa benchi moja, Mama. Mimi ndiye nakupa mkono wa amani." Aligeuka kuondoka, akaisukuma filta iliyokatwa kuelekea kwake. "Baki nayo. Tafakari nayo rozari."

Alipokwenda, Mama Puring alitoa boksi jingine rafuni, akaikata filta. Karatasi ile ile. Akatoa la tatu. Kadibodi ile ile. Akauweka msumeno chini.

Yote yalitoka kwa Wensing, muuzaji wake wa jumla.

Alipofungua duka hilo la spea, mjane mwenye mtoto mchanga, watu walimpa ushauri ambao kila mtu hapo huupata: tafuta muuzaji wa jumla mmoja, kisha mfunge kwa ubatizo. Hakuna mkataba unaoshika kama maji yale. Akamwomba Wensing awe baba wa ubatizo wa mwanawe Ligaya, na tangu siku hiyo hawakuitana kwa majina. Yeye alikuwa kumare, mama wa mtoto, na Wensing alikuwa kumpare, baba wa ubatizo. Kabla ya hapo, kila kasha lilipoingia dukani alikata filta moja kuona ndani. Baada ya hapo alikoma. Kukata filta ya kumpare wako ni kama kukaribishwa nyumbani kwake, ukanusa chakula kabla ya kula.

Wensing alifika baada ya chakula cha mchana na pikapu lake. Aliingia na makasha mawili begani, na mkononi keki ya mchele iliyofungwa kwa jani la mgomba.

"Kumare! Yuko wapi Ligaya, nesi wetu? Mwambie nina presha, aje anipime kabla sijafa."

Akaona makopo matatu yaliyopasuliwa juu ya kaunta. Alitua makasha chini kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Injini ya Kanor imenoki," Mama Puring alisema.

"Yule wa majogoo? Anayekesha kumkanda jogoo wake wa kupigana, ukamtegemea akumbuke oili?"

"Wensing. Angalia hii karatasi."

Aliangalia. Hakuonyesha mshangao, na kwa hilo Mama Puring akajua kila kitu. Hata hivyo aliuliza. Moyo wa mtu aliyesalitiwa hupenda kuombaomba.

"Walikudanganya na wewe, sivyo? Huko unakonunua. Sema walikudanganya."

Wensing alivuta kiti, akaketi, akapangusa shingo.

"Biashara imekuwa ngumu, kumare. Halisi hazina faida. Nachanganya kidogo. Kila mtu anachanganya."

"Kwa hiyo maduka yote ya barabara hii yana hizi?"

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

Akalisema bila ubaya wowote, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Wao wanakata moja kila kasha. Nikiwapelekea watanirudishia. Wewe ndiye hukati."

Nje lori la nazi lilipita, vioo vya duka vikatetemeka. Mama Puring alisubiri litokomee. Ligaya alipobatizwa, padri aliwauliza wazazi wa ubatizo kama wanamkataa Shetani na fahari zake, na Wensing akajibu "Ninamkataa!" kwa sauti kubwa hata kanisa zima likacheka. Mama Puring mwenyewe alicheka, mtoto mikononi. Alikuwa amejisikia salama.

"Sikiliza," Wensing alisema, akijongeza kiti. "Hakuna wa kujua. Tutasema Kanor hakubadilisha oili. Nani atambishia Mama Puring, kiongozi wa rozari? Hizi zilizobaki nitazichukua, nikuletee halisi, mambo yaishe. Tusiharibu undugu kwa ajili ya kopo la bati. Ligaya amebakiza mwaka mmoja chuoni. Nani anamlipia bweni? Si mimi baba yake wa ubatizo?"

"Chukua keki yako."

"Ni ya Ligaya."

"Chukua keki yako, Wensing."

Jina lake tupu lilimgonga. Alimtazama kama aliyesikia tusi, akaokota keki kwa kamba yake, akatoka. Makasha aliyaacha.

Mama Puring alianza kusali, akaacha katikati. Angeweza kunyamaza. Kanor angelalamika wiki mbili, watu wangesema ni majogoo, na Ligaya angevaa kofia yake ya unesi. Akafunga duka ingawa jua lilikuwa bado juu. Kwenye kikapu cha sokoni akatia filta za maboksi ya kijani, na juu yake msumeno.

Kituoni madereva walikuwa wakicheza dama kwa vizibo vya soda. Kanor alikuwa pembeni, amekaa juu ya tairi, mtu asiye na gari.

"Mama Puring kaja kutuombea!" mmoja akapiga kelele. "Anza na Tasyo, huyo dhambi zake hazina breki!"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Tasyo, Berto, na wewe Islaw," alisema. "Filta nilizowauzia kama za asili ni feki. Kanor hakukosea kitu. Nimekosea mimi. Nilimwamini kumpare wangu, sikukata. Zitoeni leo, kabla hamjawasha magari."

Vizibo vilibaki mahali pake. Tasyo, aliyekuwa mkubwa wao, alisimama.

"Tangu lini, Mama?"

"Sijui."

"Hujui." Alichungulia kikapuni. "Na hizi?"

"Ni mbadala. Jina lililoandikwa ndilo lake. Nawapa bure."

"Umezikata?"

"Kateni wenyewe," alisema, akamnyoshea msumeno, mpini mbele.

Tasyo hakuupokea. Madereva walitazamana, kisha kila mmoja akatazama kwingine. Aliyeinuka ni Kanor. Alikuja bila kumwangalia usoni, akachukua msumeno, akachagua boksi la chini kabisa kikapuni, akapiga goti na kuibana filta katikati ya viatu vyake. Alikata hadi mwisho. Akatanua karatasi kwa kidole, mkunjo baada ya mkunjo, mingi na imebanana, kisha akampa Tasyo aone.

Baada ya muda Tasyo alitandaza kadibodi, akalala chali, akajiburura chini ya jipni lake. Berto akafuata, na Islaw. Spana zikaanza kugonga chuma. Hakuna aliyemwambia Mama Puring aondoke, wala abaki. Akasimama na kikapu chake, huku oili iliyotoka chini ya magari ikitafuta njia vumbini, ikimjia miguuni polepole, na yeye asijue kama asogee.