Udaktari wa Dada

Muuguzi alikuwa anapanga mikasi kwenye sinia pale baba yake, aliyelala chali mezani na shuka la kijani kifuani, alipomwambia mpasuaji, binti yake mkubwa na dada wa muuguzi:

"Fungua polepole, mwanangu. Humo ndani nimeficha mengi ambayo mama yenu hayajui."

"Anayajua yote, Baba. Vuta pumzi," alisema dada.

Baba akalala.

Mshipa mkuu tumboni mwake ulikuwa umevimba tangu alfajiri na usingengoja kesho. Kwa kawaida, siku ya mahafali hospitali haipasui mtu. Chuo kikuu kiko ng'ambo ya barabara, na kila shahada ya heshima inayotolewa pale hutoka, pamoja na ujuzi wake, kichwani mwa mtu aliyeisomea. Mji umezoea. Siku hiyo wahandisi hushuka kwenye majengo na marubani hushinda nyumbani wamekaa sakafuni. Mwaka jana mwanasayansi wa mbegu alitunukiwa udaktari wa sheria, na jaji mmoja akakatiza hukumu, akamwuliza mshtakiwa kwa upole wamefuata nini mle ndani. Mshtakiwa bado yuko rumande.

Safari hii heshima ilikuwa ya upasuaji, kwa Mheshimiwa aliyeijengea hospitali geti. Wapasuaji wengine walikwisha kuchukuliwa ujuzi wao zamani. Mmoja anauza viatu, mwingine anamwagilia maua ya mkwewe. Alibaki dada tu. Lakini sherehe ilipangwa alasiri, na asubuhi ingetosha.

Matarumbeta yalisikika tumbo likiwa wazi.

"Wanafanya mazoezi," alisema muuguzi.

"Mazoezi gani yenye vigelegele?" alisema mtaalamu wa usingizi. Huyu alikuwa na stashahada, na mle chumbani ndiye pekee asiyeogopa matarumbeta. Hupenda kusema kwamba stashahada haina wa kuitamani. Alimpigia ofisa itifaki wa chuo, akaiweka simu kwenye spika wote wasikie.

"Tumeisogeza mbele," alisema ofisa. "Mheshimiwa ana ndege."

"Kaka, ngojeni kidogo. Mgonjwa yuko wazi."

"Hata mimi naumia, ndugu yangu. Lakini kofia imeshainuliwa."

Dada hakuinua uso. Aliharakisha. Muuguzi alimfuta jasho. Dada akabana tawi la mshipa kwa vidole vya kushoto, akanyoosha mkono wa kulia apewe sindano. Makofi yakalipuka simuni na dirishani kwa pamoja.

Mkono wa kulia ukabaki hewani. Dada aliitazama sindano kama mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba asiyoijua.

"Mdogo wangu, hiki cha nini?"

"Cha kushonea. Shona, dada. Nakuomba, shona."

"Baba kafanya nini?"

Mtaalamu wa usingizi akaisogelea simu. "Mpe Mheshimiwa simu," alimwambia ofisa.

Mheshimiwa aliposimuliwa hali, alieleza bila kusita uzi upite wapi na uvutwe kiasi gani, akaonya kwamba damu ya kuogopwa ni ile inayovuja kwa nyuma. Alisema tangu avishwe kofia vidole vyake vinafunga mafundo kwenye pindo la joho, na mkewe anamfinya aache.

"Ni kazi ndogo hiyo," alisema. "Ila haishonwi kwa kuelekezwa, inataka mkono unaoijua. Ningekuwa hapo ningeimaliza upesi."

"Njoo basi, mzee wangu!" alilia muuguzi. "Ni kuvuka barabara tu. Geti lako liko wazi!"

"Ningependa, mwanangu. Lakini nina ndege."

Mtu akamwita akapige picha, na simu ikakatika.

Mashine iliyokuwa ikifuata moyo wa Baba ilianza kulia kwa kasi. Damu ilikuwa imeanza kujikusanya kwa nyuma, kama Mheshimiwa alivyosema. Dada alikuwa bado amebana. Vidole vilimchoka, akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, kama sasa anaweza kuachia.

"Usiachie," alisema mdogo wake. Akaufunika mkono ule kwa mkono wake, akabana juu yake kwa nguvu zote, na ng'ambo ya barabara matarumbeta yakaanza upya, yakimsindikiza Daktari mpya hadi kwenye gari.