Fungu la Khattab

Kila adhuhuri, kabla hatujagusa wali, mama mkwe wangu, Bi Mwanamize, humpakulia mwanawe Khattab kwanza. Huweka paja la kuku juu, akafunika kwa kawa. Ndivyo awekewavyo msafiri nyumbani kwetu Wattaya. Lakini huu mwezi wa sita tangu wimbi lilipomzoa mume wangu kwenye sitaha ya meli ya mafuta, karibu na Rasi Tainaro, kule Ugiriki. Wenzake walimwona akizama. Maiti haikupatikana. Eda yangu imekwisha, khitma yake haijasomwa.

"Mtu hasomewi khitma na chakula chake kipo," husema Mama.

Leo shemeji yangu Marhoon alipiga simu: Ijumaa isomwe au isisomwe? Mama akalisogeza kawa karibu yake. Nikaona nimpoze moyo. Nikamwambia nilichokisoma kwenye masomo yangu ya jioni: kwamba kwenye rasi ile ile mna pango, na washairi wa Kilatini wakisema ndiyo njia ya kuzimu. Watu wamewalilia wafu wao pale tangu zama na zama.

Nilikosea. Macho yakamng'ara.

"Kumbe pana mlango? Nkatie tikiti."

"Mama, hadithi tu hiyo."

"Pasi nnayo. Kuna alowahi kuingia?"

"Wanasema mmoja, alimfata mkewe. Akapewa, ila asigeuke kumtazama mpaka watoke nje."

"Ehe? Akatoka nae?"

Nilitamani kumdanganya. "Aligeuka, Mama. Akampoteza tena."

"Mwanamme mzima! Hatua chache tu zimemshinda?" Akacheka kidogo. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hata mie ningegeuka, mwanangu. Ningetaka kuona kama amekonda."

Nikamshika mkono. Tukalia sote wawili, wali unapoa.

Kisha akafunua kawa, akalichukua lile paja, akaitoa mifupa, akamwekea Shatha, binti yangu wa miaka mitatu.

"La Baba hilo!" Shatha akaficha mikono nyuma.

"Kula, kipenzi. Baba hali tena."

Shatha akanitazama. Nikamwashiria ale. Akala taratibu, kama anayeogopa kukamatwa.

Mama akalitundika kawa msumarini.

"Mpigie Marhoon," akasema. "Mwambie Ijumaa. Na wali wa khitma n'tapika mwenyewe."