Kuupa Mlango Mgongo

Mtaani wananiita Mama Maneno, na sijawahi kukana. Mimi ni msusi. Mikono ikiwa kichwani mwa mtu, mdomo nao hutafuta kazi. Jirani yangu wa duka, ukuta kwa ukuta, ni fundi cherehani, mwanamke mpole ambaye kicheko chake huanzia mabegani. Kwao ni watu wachache hapa mjini. Wana ibada yao na lugha yao ya nyumbani, ingawa babu yake alizaliwa mtaa huu huu kabla ya babu yangu kufika.

Mwaka huu yakazuka maneno. Kwanza yaliandikwa kwa mkaa ukutani kwao, kwamba warudi walikotoka. Kisha kaka yake akapigwa akitoka ibadani. Halafu mchana kweupe jiwe likapita mlango wa duka na kumpata Fundi begani, naye ameinamia nguo ya watu. Nilitoka na kitana mkononi, nikatukana njia nzima. Aliyerusha hakuonekana. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka.

Tangu hapo kila kijana aliyepita nilimrushia neno, mpaka Fundi akanishika mkono.

"Mwenzangu, nakuomba unyamaze. Wewe ukishafunga ukaenda zako, hao unaowatukana wananisubiri mimi."

Niliumia, sitaficha. Nikamwambia kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Akanijibu kwamba tembo hajapigwa jiwe la bega. Tukacheka kidogo, kisha akasema mwisho wa mwezi anafunga duka, anahamia kwa dada yake mji mwingine. Kazi yenyewe imemshinda, wateja wanarudisha nguo.

Angesema mwingine nisingeamini, maana mshono wa Fundi hata ukiutafuta huuoni. Lakini gauni alilonishonea juzi lilikuwa limepanda bega moja, na mshono umekwenda upogo. Nilikuwa nimelinyamazia, mimi nisiyejua kunyamaza.

Asubuhi niliingia kwake kabla sijafungua kwangu, nikamtazama akifanya kazi. Cherehani alikuwa ameigeuza. Miaka yote alikaa akielekea dirisha, mlango uko nyuma yake, mwanga unamiminika juu ya kitambaa. Sasa alielekea mlango, dirisha likawa kisogoni, na kivuli chake mwenyewe kikafunika sindano. Kila kiatu kilichopita nje kilimwinua kichwa. Kichwa kikiinuka, mshono unapinda.

Nilivuta kigoda nikakaa. Sikuhutubia. Nilimuuliza tu anataka nimfanyie nini, na nikaona aibu kwamba swali dogo hivyo lilichelewa kunitoka.

Alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Nataka kushona bila kutazama mlango. Hicho tu."

Basi. Msusi husimama nyuma ya mteja wake; mteja akielekea mlangoni, na mimi naelekea mlangoni. Nilibeba kiti changu, vitana na mafungu ya nywele, nikahamia kwake siku hiyo hiyo. Tulibanana kama kuku ndani ya tenga. Mteja wangu wa siku nyingi, kichwa nimekimaliza nusu, akaninong'oneza kwamba yeye haketi tena kwenye duka la watu wale, nikammalizie kwangu. Nikamwambia sasa kwangu ni hapa, na kama anaondoka, aondoke na upande alionao. Akaupapasa ule upande ambao haujasukwa. Akabaki. Nyuma yangu nikasikia Fundi akijizuia kucheka, asiweze.

Cherehani sikuigusa wala sikuitaja. Mama Maneno huyu huyu. Siku zikapita, tukazoeana vikumbo, na asubuhi moja nikamkuta ameigeuza mwenyewe, dirisha liko mbele yake. Nilichukua kitana changu nikaanza kazi.

Alasiri, kiatu kizito kiligonga kizingiti. Aliingia mwanamume nisiyemjua, mrefu, amesimama dhidi ya mwanga. Vidole vyangu viliganda kwenye nywele za watu. Nilisikiliza cherehani isimame. Haikusimama.

"Nani?" Fundi aliuliza, macho kwenye sindano.

Nilimtazama yule mtu vizuri, juu mpaka chini.

"Mteja," nikasema. "Ana suruali mkononi."

"Mwambie akae," akasema Fundi, akaendelea kushona.